Waridi la Baba Watoto

Jumamosi nilikuwa soko la Jericho nikinunua sukuma wiki, nikawasikia majirani zangu, mume na mke, wakibishana kwenye kibanda cha maua. Walitaka kupamba mbele ya mlango wao, na pesa zilitosha aina moja tu: maua ya plastiki au miche ya waridi.

"Plastiki ni ya kaburini," mume akasema. "Tuchukue yaliyo hai."

Mke akashika kiuno. "Baba watoto, kwa ile nyumba kila kitu kinanililia maji. Watoto, sufuria, nguo zako. Nataka kitu kimoja tu kisichoniomba chochote."

Muuzaji akajifanya anapanga vyungu. Mume alikuna kidevu, kisha akainua mche mmoja na kuupakata kama mtoto mchanga.

"Nitamwagilia mimi."

"Na mifereji ikikauka?"

"Nitayafuata maji yaliko."

Mke akamwambia muuzaji, "Haya, mfungie miche yake."

Jumatano mifereji ilikauka. Kwenye foleni ya maji nilimkuta yule bwana, mwanamume pekee kati ya akina mama, wakimtania naye akicheka. Alikuwa na mitungi mitatu.

"Waridi linakunywa yote hayo?" nikamuuliza.

"Hapana. Lakini huwezi kufika nyumbani na mtungi mmoja ukasema ni wa maua."

Plastiki ingeokoa maji, sikatai. Ila isingemtoa yule bwana kwenye kiti chake nyumbani akachote maji.