Kiberenge na Taa za Pangoni

Fundi umeme huyu walimwita Kiberenge, maana kutulia kwake kulikuwa mtihani. Hata chakula alikula amesimama, na mkewe alizoea kumwambia, "Baba Pacha, kaa chini, sahani haikimbii."

Kazi ya kufunga taa kwenye pango la watalii ilimfaa. Alipanda, akatambaa, akavuta nyaya hadi chumba cha mwisho, ambako kuta zilichuruzika maji. Humo alimkuta dada mmoja mtafiti amepiga magoti.

"Fundi, usikanyage hapo! Njoo umwone mwenyeji."

Kiberenge akainama. Mdudu mwenyewe alikuwa mdogo kama punje ya mchele, amepauka. Alishabihiana na nge, ila mwiba hana. Kimkia chake kilikuwa kifupi kama ncha ya uzi. Macho hana kabisa. Miguu yake ya mbele, mirefu na myembamba, ilipapasa huku na huko bila kuchoka.

"Huyu naye hatulii," Kiberenge akacheka.

"Anatafuta unyevu. Pakikauka, anakufa. Na sijawahi kumwona kwingine ila humu."

Kicheko kikaisha. Taa alizobeba zilikuwa kubwa, zenye joto kali. Alizifunga hivyo hivyo. Kazi ni kazi. Lakini roho haikumpa raha. Kila akipita aligusa ukuta wa chumba kile. Mwanzoni kiganja kilitoka kimelowa. Baadaye kikawa kinatoka na vumbi.

Nyumbani akawa anazunguka meza tu.

"Umepoteza nini?" mkewe akamuuliza.

"Hilo ndilo sijui, mama."

Mwishowe akamwendea meneja wa pango. "Bosi, taa za ndani zinakausha ukuta. Tuzitoe."

"Wageni walipe waje kuangalia giza?"

"Basi nifunge ndogo, zisizo na joto. Ziwake mtu akiingia, zizimike akitoka."

Meneja akajikuna kichwa. "Haya, fanya. Mradi usinisumbue tena."

Alifanya. Maji yakarudi ukutani polepole. Yeye na yule dada wakapekua jiwe baada ya jiwe kwa tochi hafifu. Wapi! Mdudu hakuonekana.

"Labda amejificha ndani zaidi," dada akasema.

"Labda?"

"Labda, kaka. Siwezi kukudanganya."

Siku hizi Kiberenge anafunga umeme kwenye ghorofa moja mjini. Ila Jumapili hapatikani. Yuko pangoni, magoti yamelowa, anainua jiwe, anachungulia, analirudisha taratibu lilivyokuwa, kisha anasogea kwenye lingine.