Ngata ya shemeji na macho ya Kashindi

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira. Haya ni ya kweli, sijatia chumvi. Ningekuwa natunga ningejiwekea furaha humu, na hamtaiona.

Ni miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako. Kaka yangu Kashindi alikuwa mpagazi bandarini Kalundu, mtu wa miraba minne.

Siku moja kasha la misumari likaanguka kutoka juu ya rundo, likampiga kisogoni. Mfupa ukabonyea ndani.

Mimi nilikuwa mhudumu hospitalini. Kazi yangu ilikuwa kubeba wagonjwa na kuwashika mezani.

Daktari, Mzungu mwema (nasema mwema, msiniletee siasa hapa), akasema lazima auinue ule mfupa, la sivyo Kashindi hafiki kesho. Jeraha liko nyuma, kwa hiyo alazwe kifudifudi. Sasa uso uwekwe wapi? Akiulaza mezani hapumui, na kifaa cha kushikilia kichwa hatukuwa nacho.

Mke wake, shemeji yangu, alikuwa mlangoni na mimba yake kubwa. Akatoa ngata kichwani, ile pete ya nguo iliyosokotwa wanayowekea mtungi.

"Mumulalishe na hii. Pua itapita mu tundu."

Wakuu, tulifurahi! Pua ikapata hewa, kichwa kikatulia. Daktari akamshukuru. Kazi ikawa ndefu, nami nimemshika mabega. Kila alipokandamiza daktari, uso ulizidi kuzama.

Kashindi akaamka. Akaongea, akala, vidole vyote vinacheza. Macho tu yalikuwa yamevimba, hayafunguki, na kwenye kope kuna alama za msokoto wa nguo. Shemeji alizitazama sana zile alama. Tukaambiwa uvimbe utapungua.

Tukaenda naye nyumbani. Kwetu aliyeumia kichwa hapigwi na jua, basi mama akaziba madirisha kwa mikeka, hata taa marufuku. Uvimbe ukaisha, yeye akabaki mle ndani akilalamika:

"Mama, minye nimechoka na hii giza."

"Vumilia. Weye ungali mugonjwa."

Shemeji akajifungua mtoto wa kiume. Asubuhi mama mwenyewe akatoa mikeka yote, jua likaingia mpaka mvunguni. Tukamletea mtoto.

Kashindi akampokea, akampapasa uso, akacheka.

"Sasa mufungue basi dirisha, nimuone."

Mama alikuwa bado ameishika mikeka mkononi.

Baadaye nilisomea uuguzi, nikafundishwa kwamba jicho likikandamizwa muda mrefu linakosa damu, linakufa. Sikumwambia shemeji. Hakuhitaji kuambiwa. Tangu asubuhi ile hakuvaa tena ngata. Alipanda kutoka ziwani na mtungi juu ya kichwa kitupu, mpaka nywele za utosini zikaisha.

Nilichojifunza: kumlaza mgonjwa nako ni upasuaji. Kila aliyelazwa kifudifudi nilipiga magoti chini ya meza nikamwangalia macho, na wenzangu wakanicheka. Kashindi halikumsaidia kitu hilo.

Mlioko vyumba vya upasuaji leo, nani kwenu anaangalia macho? Na nyinyi wengine, shemeji yangu mngemwambia nini? Mimi niliyatafuta maneno hadi tukamzika. Andikeni hapa chini, nitasoma yote.