Manjano ya Rafu ya Chini

Mimi ni msumbufu mezani, na sikatai. Ukinialika kula kwako, kabla sijaketi nitakuuliza pilipili yako umeinunua wapi, na ukinijibu vibaya nitakula wali mtupu. Majirani zangu pale mtaani Lucky Summer waliacha kunialika zamani, na wana haki. Lakini kazi yangu ni kupima viungo vya unga katika maabara moja Industrial Area, mtaa wa viwanda, na mambo niliyoyaona huko yanatosha kukufungisha mdomo. Nimeona pilipili iliyosagwa pamoja na vumbi la matofali. Nimeona pilipili manga iliyojaa mbegu za papai. Wanaotuletea sampuli wanataka cheti, sisi tunataka ukweli. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba.

Kando ya sinki letu kuna rafu ya chini tuliyokuwa tukiiita duka la bure. Sampuli huja nusu kilo, nasi hutumia vijiko viwili vitatu tu. Kilichobaki, kikishapita vipimo vyote, kilibandikwa karatasi ya kijani na kuwekwa hapo, anayetaka abebe. Mkubwa wetu alijua, akafumba macho. Utupe chakula kizuri na watu wana familia? Haiwezekani. Nyumba zetu zote zilipika kwa viungo vya rafu ile, na tulijiona tumebahatika kuliko Nairobi nzima.

Manjano hupitia vipimo vitatu. Kwanza unaitazama kwa hadubini kuona kama imechanganywa na unga wa mahindi. Pili unaitilia asidi, igeuke nyekundu, kisha unaongeza maji. Manjano halali itapoteza wekundu huo, lakini iliyotiwa rangi ya kiwandani itabaki nao. Cha tatu ni kutafuta madini ya risasi, yale ya betri za gari, kwa sababu kuna watu hutia rangi yenye risasi kwenye manjano iliyochujuka ili ing'ae. Hapo lazima uchome unga tanurini mpaka uwe majivu, uyeyushe majivu, kisha uyapitishe kwenye mashine yenye taa yake maalumu. Na taa hiyo ilikuwa imeungua. Tuliagiza nyingine, tukaambiwa tusubiri.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kakamega kunisaidia na binti yangu wa miaka minne, aliyekuwa na kikohozi kisichoisha. Mama na dawa za chupa hawapatani.

"Nitafutie manjano," aliniambia. "Lakini isiwe hii yenu ya Nairobi, unga wa ugali uliopakwa rangi."

Hilo lilinichoma. Mimi? Aniambie mimi habari za manjano? Wiki hiyohiyo tulikuwa tumepokea mfuko mmoja wenye manjano iliyowaka kama jua la saa sita. Hadubini ikasema safi. Asidi ikasema safi. Nikabandika karatasi ya kijani kwa mkono wangu mwenyewe, nikautia mfuko mkobani. Nilijua kipimo kimoja kimebaki. Sitawadanganya, nilijua kabisa.

"Aa, hii sasa ndiyo manjano!" Mama alisema alipoufungua. "Ona inavyong'aa!"

Binti yangu akachovya kidole, akalamba, akakunja uso. Tulicheka wote watatu.

Kila asubuhi Mama alimtilia kijiko kwenye uji wa wimbi, na kila jioni kingine kwenye maziwa. Kikohozi kikaisha. Mama alitembea ploti nzima, mlango kwa mlango, akiwasimulia wenye watoto. Mwezi ulipopita, mtoto akaanza kukataa chakula. Tumbo likamsokota, siku tatu nne zinapita hajaenda choo. Yeye aliyekuwa mcheshi akawa wa kulia bila sababu, siku moja akamtupia bibi yake kikombe.

"Ni minyoo," Mama akasema.

Tukampa dawa ya minyoo. Hola, hakuna kilichobadilika. Mama akaongeza manjano, vijiko viwili badala ya kimoja, kwa maana manjano husafisha tumbo. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi nikimtazama akikoroga. Nikavaa viatu, nikaenda kazini.

Taa ilifika siku ya Jumanne. Niliyapitisha majivu yote yaliyokuwa yakingoja, sampuli moja baada ya nyingine, na nambari zikawa za kawaida. Kisha ile ya manjano yenye kung'aa ikaruka nje ya kipimo cha mashine. Nikaipunguza nguvu kwa maji, mara kumi. Ikaruka tena. Nikaipunguza tena. Mwenzangu wa meza ya pili akachungulia.

"Niaje, hiyo ni manjano ama rangi ya ukuta?"

Nilimuuliza masalio ya sampuli hiyo yako wapi.

"Si ulibeba wewe?" akasema. Kisha akaona uso wangu, akarudi mezani kwake.

Nilifika nyumbani mchana. Mama alikuwa ameenda na mjukuu wake sokoni Kiamaiko, kumtafutia matumbo ya mbuzi ya supu. Nilichukua mfuko kabatini, nao ulikuwa umebaki robo. Nilisugua kijiko, nikasugua kikombe, nikasugua sufuria ya uji mpaka vidole vikauma, huku nikilia kwa hasira. Mama aliporudi nilimwambia manjano imepita tarehe nimeitupa, halafu nikamwambia twende hospitali mtoto akapimwe damu. Kwa daktari niliomba apimwe risasi. Aliponiuliza kwa nini, nilisema nafanya kazi Industrial Area. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Majibu yalipotoka tuliitwa sote. Daktari alikuwa mtaratibu. Alisema risasi imo kwenye damu, na ni nyingi, na kwa umri huu huenda ikagusa akili yake. Matibabu yangeanza siku hiyo, lakini kwanza lazima ijulikane inatoka wapi. Je, nyumba imepakwa rangi karibuni? Hapana. Kuna fundi wa betri jirani? Hapana. Na viungo vya unga je, mnatumia vya wapi?

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Viungo viondoe hapo, daktari," alisema, na akanipapasa goti. "Huyu msichana wangu ndiye huvipima. Hata manjano ya mtoto alituletea yeye mwenyewe, kutoka huko kazini."

Daktari akaacha kuandika, akaniangalia. Mama naye akanigeukia, akitabasamu, akingoja nimwambie daktari kwamba ni kweli.