Aliyepaisha Ndiye Anayefuata

Kwetu huko juu Uluguru, ukitaka pa kupanda mboga lazima kwanza uukate mlima. Kila mtu anachonga shamba lake kama ngazi, anapanda kabichi, karoti, njegere, maisha yanakwenda. Babu yangu mzaa mama alichonga ngazi moja pana kuliko za wote, akaisawazisha, akaishindilia, halafu asipande kitu. Akasimika miti minne, miwili huku na miwili kule. Watu wakasema goti limempanda kichwani.

Goti lenyewe liliharibikia mjini. Babu alikuwa winga wa kulia wa timu ya kiwanda pale Morogoro, enzi hizo viwanda vina timu. Goti lilipokufa, kibarua nacho kikaota nyasi. Akarudi mlimani na viatu vya njumu begani.

Uwanja wake ulikuwa mdogo, na upande wa chini hapakuwa na kitu, ni bonde tu mpaka mtoni. Ukipiga mpira juu, ndiyo umekwenda. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: aliyepaisha ndiye anayefuata. Kushuka unashuka kwa matako, kupanda unapanda huku unaungama dhambi zako zote.

"Mke wangu, umepaisha tena?" Ndivyo alivyonitania, maana mjukuu wa kike ni mke. "Haya, kaufuate. Ukichelewa utakuta nimeoa mwingine."

"Nani atakutaka na goti hilo?"

"Anayejua mpira."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza mpira wa chini. Nilikuwa naota kuchezea timu ya taifa, na bado naota, sijali wanaocheka. Babu hakucheka. Alisema nikifika huko nisiwaambie nimefundishwa na yeye, niwaambie nimefundishwa na mlima.

Alipofariki, tulipomaliza matanga, ukoo wake ukakaa kikao. Kwa sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unapita kwa mama. Mama yangu ni wa ukoo wa bibi, babu alikuwa wa ukoo mwingine. Mtoto wake wa kumzaa hana chake pale, sembuse mjukuu. Shamba likaenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, ambaye mimi namwita mjomba.

Nilimfuata, nikampa shikamoo yake, nikamwomba achukue kote, uwanja tu auache.

"Mwanangu," alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniuma, "hapo ndipo peke yake palipo tambarare. Babu yako katulimia vizuri. Wewe kwenu ni kwa bibi yako. Lakini mboga utakula, hatukufukuzi."

Katulimia. Ningesema nini, na sheria hiyohiyo ndiyo inayompa mama yangu shamba la kwa bibi?

Siku hizi nakaa Bigwa, chini ya mlima, nauza mboga, jioni nacheza na wasichana wenzangu kwenye uwanja wa shule. Kocha ananilaumu kwamba siinui mpira hata nikiwa peke yangu na golikipa. Anasema nina woga.

Mwezi uliopita nilipanda kwa mjomba kununua mboga, kama mteja mwingine yeyote. Magoli yalishakuwa kuni. Kabichi zimejaa pale nilipokuwa napigiwa kona, na ni nzuri, siwezi kusema uongo. Alipokuwa ananijazia kiroba, moja ikamponyoka, ikadunda ukingoni, ikateremka bondeni. Miguu yangu ilianza kukimbia kabla sijafikiri.

"Iache hiyo," mjomba alisema nyuma yangu. "Imeshapasuka."

Nikashuka hivyohivyo, kwa matako, kama zamani. Nikaikuta karibu na maji. Ilikuwa imepasuka kweli.