Zumari la Bwana Foromani na Jibu Langu

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetembea kutoka Siakago hadi Embu na patasi mbili za baba ndani ya gunia, nikidhani nitaonyeshwa benchi langu, na karani wa karakana ya serikali akaniambia maranda yamefika magotini, nianzie hapo. Nilifagia wiki tatu. Nyinyi vijana mngetupa ufagio siku ya pili, msinidanganye. Lakini ukifagia maranda ya mtu unamjua. Ya fundi hutoka marefu bila kukatika, na ya mharibifu hutoka kama makombo ya mkate.

Maranda mazuri kuliko yote yalikuwa ya kaka yangu Njeru. Yeye alikuwa kwenye kerezo, yaani ile mashine inayozungusha mti huku wewe umeshika patasi, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Sote wawili tulifundishwa na baba, aliyekuwa mchonga mizinga ya nyuki, na baba alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: kazi ya mtu wa nyumbani kwako usiisifu mbele ya mteja. Mteja akikuuliza kama ndugu yako anaweza, unajibu "anajaribu tu," unanyamaza. Mteja anaondoka hapo, anamwuliza jirani, na jirani ndiye anayesifu. Mtu aliyejisifia nyumba yake alionekana mwongo hata akisema kweli. Watu wa kwetu walinunua mizinga hivyo miaka yote, wala sikusikia aliyelalamika.

Mkubwa wetu wa kwanza alikuwa Bwana Injinia Msaidizi, mtu wa makelele, aliyehesabu misumari kila jioni. Alipohamishwa akaja Bwana Foromani, Mwayalandi mwenye masharubu mekundu. Huyu hakuwa na makelele. Alikuwa na sanduku jeusi, na ndani yake mna zumari la mfuko la kwao Ayalandi. Msifikirie lile la askari wa gwaride, linalopulizwa kwa mdomo. Hili unalipiga umekaa. Mvukuto unaubana kwa kiwiko cha kulia, unasukuma hewa ndani ya mfuko ulio chini ya kwapa la kushoto, na vidole vinabaki kucheza wimbo kwenye mrija wake. Pajani kuna mirija mitatu ya kuvuma tu. La kwake lilikuwa nusu seti. Seti kamili ina mirija mitatu zaidi yenye vibonyezo vya shaba, ambayo mpigaji huibonyeza kwa kiganja bila kusimamisha wimbo, na hiyo ndiyo aliyoiota tangu ujana wake.

Siku moja mrija mmoja wa mvumo ulipasuka. Njeru akauomba, akauangalia siku mbili nzima bila kuugusa kwa chuma, halafu akakereza mwingine kwa kipande cha mpingo alichokuwa amekiweka juu ya moshi jikoni kwa mama. Bwana Foromani aliupachika, akabana mvukuto, akasikiliza. Alimshika Njeru mkono, jambo ambalo Mzungu hakulifanya karakanani siku zile, na Mutuma, seremala Mmeru wa benchi la pili, akacheka hadi akaangusha randa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji msituni. Njeru alikuwa amepanda mlimani, juu ya kijiji cha Manyatta, kutazama mizinga yake karibu na msitu, akakutwa huko na kibuyu cha asali. Wakasema ni chakula cha watu wa msituni. Alipelekwa kambi ya kizuizini bila kesi. Mama aliacha kupika jioni, anasema moto wa kumpikia nani, na sisi tulikuwepo.

Karakana ilihamishiwa Kanyakine kuezeka majengo, Bwana Foromani akatuchukua mimi na Mutuma. Huko ndiko alikoamua kununua seti kamili. Alinieleza jinsi ya kuchagua fundi, nami nawaambia kama nilivyoambiwa, kwa sababu ni maneno ya maana. "Fundi anasema wiki sita, kimbia," alisema. "Yeye nauza viti." Anauza, alimaanisha; Kiswahili chake kilikuwa hivyo, "na" kwa kila mtu. Umwulize mbao zimekauka miaka mingapi. Umwulize kama anachonga mwenyewe zile ndimi za tete zinazotoa sauti, maana tete likiharibika zumari zima ni kuni. Na usimsikilize fundi akilipiga zumari lake mwenyewe, msikilize mtu mwingine aliyelinunua.

Kulikuwa na duka moja huko Ulaya lenye picha nzuri na ahadi za haraka, akalitupa. Kulikuwa na mzee mmoja kwao Ayalandi, kazi yake safi, foleni yake miaka mitatu. Halafu, alasiri moja, akaja kwenye benchi langu na karatasi mkononi.

"Nyaga, sema kweli kwangu. Njeru naweza fanya seti kamili? Yote? Vibonyezo pia?"

Niliweka patasi chini.

"Kama naweza, mimi andika barua kwa DC leo. Nasema huyu fundi wa lazima, hakuna mwingine. DC natoa yeye kambini, nakaa hapa na mimi, nafanya kazi."

Sikilizeni vizuri. Ni kama kaka yangu alikuwa amesimama nyuma ya lango la kambi, na ufunguo ulikuwa mdomoni mwangu. Njeru angeweza. Vibonyezo angevifua kwa shaba ya maganda ya risasi, tulikuwa nayo tele. Nilijua angeweza kama ninavyolijua jina langu.

Nikasema, "Anajaribu tu, bwana."

Sikusema kwa woga. Natamani ingekuwa woga, ningejisamehe. Nilisema hivyo kwa adabu, nikiwa na furaha moyoni, nikingoja ageuke amwulize Mutuma, aliyekuwa hatua tatu kutoka pale, ameshaweka randa chini na kujifuta mikono tayari kumsifu Njeru mpaka jua litue. Mteja yeyote wa Embu au Meru angegeuka. Bwana Foromani alitikisa kichwa polepole, akakunja karatasi, akaenda ofisini.

"We Nyaga!" Mutuma akasema. "Mbona haniulizi?"

Asubuhi nilimfuata, jambo la kuogopwa wakati ule, nikaanza kueleza. Akanikatiza kwa upole. "Barua ya yule mzee kwisha kwenda Ayalandi na gari ya posta. Asante, Nyaga. Mtu ingine nadanganya mimi kwa sababu ya ndugu." Akanipa sigara. Niliishika mpaka ikalowa jasho.

Njeru alikufa kambini kwa homa ya matumbo mvua zilizofuata. Chifu alimsomea mama barua akiwa amesimama, hakukaa. Kaburi hatukuonyeshwa mpaka leo.

Zumari lilifika baada ya miaka mitatu, tukiwa tumehamia Meru mjini. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo, mpingo mweusi na shaba inayong'aa. Lilikaa siku kumi na saba. Lilikuwa limetengenezwa kwenye nchi ya ukungu, na upepo wetu mkavu wa kiangazi ukalipasua mrija mmoja wa mvumo toka juu hadi chini. Bwana Foromani alinitazama. Mimi nikafungua lile sanduku la zamani, nikatoa mrija wa Njeru, nikauzungushia uzi wenye nta kwenye kiungo, nikaupachika pale. Ulikaa kama ulizaliwa nalo.

Alipiga kidogo, akaacha.

"Njeru nafanya hii kwa mimi," alisema. "Kwa nini wewe nasema najaribu tu?"

Nikamweleza sheria ya baba, yote, na jirani wa kuulizwa. Alikaa juu ya sanduku. Mutuma alitoka nje.

"Hakuna mtu naambia mimi," alisema.

"Hukumwuliza Mutuma, bwana."

Alirudi kwao kabla ya Uhuru, na mrija wa Njeru ukaenda naye. Mimi niliendelea, Embu, Siakago, tena Embu, chini ya mainjinia sijui wangapi, nikastaafu nikiwa msimamizi wa karakana na cheti kwenye fremu. Watu husema nilifanya kazi vizuri. Kazi gani? Mtu mmoja tu aliwahi kuniuliza swali lenye maana maisha yangu yote, na nikamjibu kwa heshima.

Vijana wa hapa huniletea viti vyao niviangalie, wananiuliza nani fundi, nami nawatajia. Wakiondoka nabaki na patasi za baba, na ninalijibu lile swali kwa sauti, kama mwehu, benchi tupu likinisikiliza. Anaweza, bwana. Vibonyezo pia. Andika barua.