Ringi Tuliyopewa Ruiru

Sijazoea kusimulia mambo ya mizimu, na mchungaji wangu akiyasoma haya huenda akaniita pembeni. Lakini yalitokea, tena mchana, jua likiwaka, na mke wangu yuko hai wa kunisuta nikitia chumvi.

Mimi na Mama Njeri tunapenda reli. Watoto wetu hutucheka. "Wazee wa wenzetu wanaenda Mombasa," Njeri husema, "nyinyi mnaenda kutazama vyuma vikishika kutu." Haidhuru. Kila mwaka, siku tuliyofunga ndoa, Mungu akitupa uzima, tunabeba chai kwenye thamosi, tunaingia kwenye gari letu kuukuu na kuzuru stesheni, madaraja na mabehewa yaliyoachwa. Nyumbani nina ukuta mzima wa vitu vya reli: taa, misumari ya mataruma, kofia ya dereva. Kitu kimoja tu sikuwa nacho.

Ngoja nikueleze. Zamani, kwenye reli ya njia moja, dereva hakuruhusiwa kuondoka bila tokeni, kipande cha chuma ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa kwenye ringi kubwa. Treni ikipita bila kusimama, mtu wa stesheni aliinua ringi juu, naye msaidizi wa dereva akatoa mkono nje, kiwiko amekikunja, akaidaka. Mpaka tokeni ile ifike stesheni ya pili, hakuna treni iliyoweza kutoka huko kuja huku. Ndivyo walivyozuia treni zisigongane.

Basi sisi tuna mchezo wetu wa kizee. Tukiondoka stesheni yoyote, mimi hupiga honi kama garimoshi, naye hutoa mkono dirishani, kiwiko amekikunja, kana kwamba anadaka tokeni. Tumecheza hivyo tangu ujana.

Mwaka jana tulikuwa Ruiru, tukiondoka kwa njia ya vumbi inayofuatana na reli. Nikapiga honi. Mama Njeri akatoa mkono. Kitu kikaingia mkononi, pa!

"Baba Njeri! Simama!"

Ringi ilikuwa inaning'inia kwenye kiwiko chake, mfuko wa ngozi ukinuka mafuta. Kando ya reli alisimama mzee mwenye sare ya kaki iliyopauka. Siapi, maana nimekatazwa kuapa, lakini hakuwapo nilipopiga honi. Alisema neno moja tu: "Thika wanangoja." Nikazima gari, nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nyasi tu, na mbuzi aliyefungwa kamba.

"Tuipeleke," mke wangu akasema. "Si umesikia? Kuna watu wanangoja."

"Wangoje nini, na tokeni hazitumiki tena? Lete nikaiache pale stesheni."

Je, wewe ungefanya nini? Mimi nilizunguka nyuma ya gari, nikafungua buti, nikaificha chini ya spea. Nilikwisha kuona msumari nitakaoitundikia. Nikarudi usukanini.

"Umempa mtu?"

"Nimempa."

Nami ni mzee wa kanisa, ninayebeba kikombe cha meza ya Bwana.

Tukapitia Kamakis kula nyama. Hapo ndipo Mama Njeri aliposhindwa kuinua ubavu wa mbuzi. Mkono uleule wa kudaka. Nikaushika, ukawa baridi kama reli ya alfajiri.

"Labda mkono umechoka kukupikia," akasema, akijaribu kucheka. Kisha vidole vikaanza kuwa vya kijivu, na kicheko kikaisha.

Nikamwekea mikono palepale, katikati ya moshi wa nyama, nikaomba kwa sauti mpaka wachomaji wakavua kofia. Nilikemea kila pepo ninayemjua kwa jina. Na wakati wote huo nilijua kilicholala chini ya spea. Ombi lile ndilo linalonichoma hadi leo kuliko yote.

Nikakimbiza gari kuelekea hospitali ya Thika. Tulipokaribia mjini akasema, "Kwanza stesheni."

"Na mkono wako?"

"Kwanza stesheni, Baba Njeri."

Jukwaa lilikuwa limejaa watu. Niamini. Treni haikuwapo. Wanawake wameketi na viondo vyao, wanaume wamevaa makoti mazito kwenye jua lile, na hata mmoja hakuwa na kivuli. Sauti pekee ilikuwa pumzi ya mtoto mmoja aliyefungwa blanketi mgongoni mwa mama kijana, pumzi nzito, inayokwama. Msimamizi wa stesheni akanijia, mkono ameunyosha.

"Mzee, tokeni."

"Sina," nikasema.

Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana! Wote waliinamisha macho, kama watu wanavyofanya mzee wa heshima anapovukwa na nguo mbele ya wakwe. Yule mama peke yake aliendelea kunitazama.

"Guka," akaniita kwa upole, kama anayemwita babu yake, "daktari yuko Nairobi. Hatuna njia nyingine."

"Ulisema umempa," mke wangu akasema nyuma yangu. Hakuwa akiuliza.

Nikaenda kwenye buti. Nikarudi na ringi mbele ya macho yao wote, nikaikabidhi kwa mikono miwili kama mwizi anayerudisha kuku. Msimamizi alisema tu, "Imechelewa," akapuliza filimbi. Upepo wa moto ukapita juu ya reli ukinuka moshi, na jukwaa likawa tupu, isipokuwa askari mmoja aliyetuuliza tunatafuta nini.

Mkono wa Mama Njeri ulirudi. Namshukuru Mungu kila asubuhi ninapouona ukikoroga uji. Lakini palipokaa ile ringi pana alama ya mviringo isiyopata joto hata akisimama karibu na jiko. Alinisamehe kabla hatujafika nyumbani. Niliwaeleza wazee wenzangu kila kitu, na tangu hapo siwawekei wagonjwa mikono; wengine wakiomba, mimi naketi nyuma nikiitikia amina.

Bado tunazuru stesheni. Sipigi honi, naye hatoi mkono. Ila mara nyingine tukisikia treni kwa mbali huniuliza, "Yule mtoto, unadhani alifika?"

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukikabidhiwa kitu cha watu, hata usipomjua aliyekukabidhi, kipeleke kwanza. Usile kwanza. Usiombe kwanza. Anayekingoja huenda amebeba mtoto.