Nilivyompika Bibi Skolastika Barabarani

Jamani, mkasa huu nilikuwa nimeapa kwenda nao kaburini, lakini kwa kuwa kijiwe kizima cha bodaboda hapa Mbinga kimeshausikia, tena umetiwa chumvi (wapo wanaosema nilitaka kuchoma kanisa, mwogopeni Mungu!), bora niusimulie mwenyewe, mwenye aibu yake.

Mnajua nilikuwa nimeposa kule chini ziwani, kwa kina Hyasinta. Mshenga wangu alishakwenda, akapokelewa vizuri, akala samaki akashiba, akarudi na jibu la "tutawaambia". Baba yake Hyasinta alikuwa na neno lake moja, kwamba vijana wa bodaboda hawana subira, leo wako hapa kesho hujui wako wapi. Mungu si Athumani, kaka yake Hyasinta akapata upadre, anarudi kijijini kwao kwa misa yake ya kwanza, na ndugu wakahitaji pikipiki za kumsindikiza kutoka njia panda mpaka kanisani. Mimi nikapewa kumbeba Bibi Skolastika, bibi yake padre, mama wa baba mkwe mtarajiwa. Nikajua huo ndio mtihani wenyewe, nikifaulu nimepata mke.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Sisi wa huku juu, baridi ya mwezi wa sita ikianza kuuma, tunafunga turubai mbele ya pikipiki, kwenye vile vyuma vya kukinga miguu, ili upepo usitutafune magoti. Langu lilikuwa bado lipo mpaka Oktoba, na badala ya kulitoa nikampelekea fundi wa vibao akaniandikia kwa rangi nyekundu, HONGERA PADRE WETU. Likapendeza kweli, siwadanganyi. Nilipofika ziwani jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, Hyasinta akaliangalia turubai, akaniangalia mimi.

"Meinradi, toa hicho kitu. Huku hakuna baridi."

"Nikikitoa baba yako atasoma nini?" nikamjibu, najiona mjanja.

Kosa lenyewe ni hilo tu. Pikipiki zetu hizi injini yake haipozwi kwa maji kama ya gari, inapozwa na upepo wa safari, ukitembea inapumua, ukisimama inaungua, na hilo nalijua miaka yote. Mimi nimeiziba pua kwa turubai, halafu nikaingia kwenye msafara unaokwenda mwendo wa kinamama wanaocheza, wanatandika kanga mbele ya padre, wanaziokota, wanakimbilia mbele kutandika tena, na kwaya nayo ikifika kwenye kiitikio inasimama kabisa. Gia namba moja, klachi nusu, jua la utosini, na Bibi nyuma yangu amekaa upande anapunga leso.

"Mume wangu," akaniita (ndio utani wa bibi na mjukuu, wala msimfikirie vibaya), "mbona miguu yangu inaiva? Unanipika?"

"Ni joto la ziwa tu, Bibi."

Mimi, mtu wa Matiri huku juu kwenye baridi, namfundisha mzaliwa wa ziwani joto la ziwa! Injini ikaanza kugonga, ka-ka-ka, harufu ya klachi ikapanda, nikataka kuzima nipumzike pembeni, lakini hapo hapo baba yake Hyasinta akageuka, akalisoma turubai, akatabasamu. Nitazimaje? Nikasema acha nivumilie kidogo.

Karibu na kanisa padre akasimama kutubariki, katekista kashika ndoo ya maji ya baraka. Akanyunyizia wazee, akanyunyizia kwaya, akatufikia sisi. Matone yakaruka mpaka kwenye injini. Chwaaaa! Mvuke mweupe ukafumka kati ya miguu yangu, kwaya ikanyamaza, na mama mmoja akapiga kelele, "Yesu na Maria! Pikipiki ina pepo!" Watu wakatawanyika. Padre mwenyewe alirudi nyuma hatua moja (nilimwona), kisha akajikaza, akanyunyiza tena kwa nguvu zaidi, nayo ikamjibu kwa nguvu zaidi. Neno PADRE likajikunja na kuanza kutoa moshi. Halafu injini ikazima, na watu wote wananiangalia mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba yake Hyasinta akaja na uso wa kazi.

"Mama, shuka. Upande pikipiki nyingine."

"Sishuki," Bibi akasema. "Nimetoka nyumbani na mume wangu, nitafika na mume wangu."

Basi nikaling'oa turubai, nikaweka fri ili gia isishike, nikaanza kusukuma. Kilima cha kanisa kile ukikiona kwa mbali unakidharau. Shati limenigandia, macho yanawasha kwa chumvi ya jasho, Bibi juu anapunga leso kama kawaida, kwaya nyuma imeanza tena kuimba, na mimi nalia kimoyomoyo kwamba Hyasinta ndiyo basi tena. Katikati ya kilima pikipiki ikawa nyepesi. Kugeuka, nikamwona baba mkwe na suti yake mpya, ameshika keria, anasukuma.

"Pole pole," akaniambia, anahema. "Usiniangushie mama."

Baada ya misa, kabla hata pilau halijapakuliwa, akamwita mshenga wangu. "Mwambie kijana alete wazee wake. Nilisema hawana subira, huyu ameipandisha subira yake kilimani nikiona kwa macho." Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba pikipiki iko pale nje imekufa.

Fundi ameshaifufua, na turubai sitalifunga tena, magoti yagande yakitaka. Na nimeapa mbele ya Hyasinta kwamba siku ya harusi yetu msafara wote utakwenda kwa miguu. Wote wamekubali isipokuwa Bibi Skolastika. Ametuma salamu kutoka ziwani kwamba yeye atapanda pikipiki ile ile, ila nisiiwashe, nisukume.